Maji ya Mvumo wa Bwawani

"Punguza, Thawin," alisema Shangazi Nuan. "Hiyo ni nazi, si shingo ya mtu."

Thawin alizidi kukuna. Alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nyuma ya jiko la hekalu, mapaja yamebana, mikono inazungusha kifuu mpaka nyama nyeupe inaruka nje ya sinia. Macho yake hayakuwa kwenye nazi. Yalikuwa yamepenya katikati ya migomba, yakavuka ua uliofagiliwa, yakatua kwenye njia za mchanga walikotembea watu waliovaa nguo nyeupe.

Walitembea kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Unyayo unainuliwa, unasogezwa, unakanyaga. Macho chini, midomo imefungwa. Ndiyo kazi iliyowaleta kwenye mafungo: kukaa wakiangalia pumzi, kutembea wakiangalia unyayo, na kutomsemesha mtu mpaka Baba Mkuu wa hekalu awaachilie.

Njia za wanawake zilikuwa upande wa bwawa. Njia za wanaume zilikuwa upande wa ukumbi. Katikati palikuwa na kichaka kilichokatwa kikawa kifupi, cha kumfika mtu magotini. Kichaka hicho ndicho kilichomnyima Thawin usingizi. Huku alitembea Lamduan, mchumba wake, na kule, sambamba naye, alitembea Phakin wa benki.

"Umeona?" Thawin alisema. "Wamegeuka pamoja."

"Wote wanageuka, mwanangu. Njia imeisha."

"Lakini wao wamegeuka pamoja."

Shangazi Nuan aliweka kisu chini. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mjane, na jiko lile la hekalu alilitawala kama bahari inavyotawala pwani. Walio kwenye mafungo walinyamaza; yeye aliongea kwa niaba yao wote.

"Hebu niambie," alisema. "Wewe umekuja hapa kusaidia jikoni au umekuja kulinda?"

"Kusaidia. Natafuta thawabu."

"Thawabu." Aliichukua nazi iliyokunwa, akaishika kiganjani. "Thawabu gani hii yenye vipande vya kifuu? Mchuzi wangu utavunja watawa meno."

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mboga walicheka. Thawin akainama zaidi. Ukweli ulikuwa unamchoma, na si ukweli peke yake. Kulikuwa na kitu kigumu mfukoni mwa shati kilichomchoma kifuani kila alipoinama. Hakujisumbua kukitazama.

Mwezi uliopita alikuwa amempindulia Lamduan sinia zima la vitamu sokoni. Lamduan alipika vitamu vya mayai, nazi na sukari ya mvumo, vile ambavyo mji mzima wa Phetchaburi unajivunia, na sukari alipelekewa na Thawin, mgema wa mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi. Siku hiyo Thawin alifika na sukari yake, akamkuta mteja mmoja ameegemea meza, anacheka, hataki kuondoka. Akamwambia aondoke. Mteja akauliza yeye ni nani. Basi sinia likaruka. Kumbe mteja alikuwa mume wa binamu yake Lamduan, amekuja kuagiza vitamu vya msiba.

Lamduan hakulia wala hakufoka. Aliokota vitamu vyake kwenye vumbi, kimoja kimoja, kisha akasimama mbele yake.

"Nakwenda hekaluni kukaa mafungo," alisema. "Mama hakutaki, hilo unalijua, na mimi nimekutetea mpaka koo limekauka. Sasa nataka kunyamaza. Nikitoka nitakujibu kama nitaolewa na wewe au la. Niache nikae, Thawin. Ukinifuata, utakuwa umejijibu mwenyewe."

"Sitakufuata," Thawin alisema, na siku ile alikuwa anamaanisha.

Halafu akasikia Phakin naye amejiandikisha. Phakin, mwenye gari jeupe na mikono laini, ambaye Mama Chamoi, mama yake Lamduan, alikuwa akimwita "mwanangu" tangu hajawa mwana wa mtu yeyote pale. Thawin alikaa nyumbani jioni moja tu. Kesho yake alikuwa amekalia mbuzi ya hekalu. Simfuati, alijiambia. Nakuna nazi.

*

Jambo moja lilimpa faraja, nalo lilikuwa maji ya mvumo.

Watu wa mafungo hawali kitu baada ya jua la utosi. Alasiri hupewa kinywaji tu, wakikinywa kwa ukimya barazani, wanaume mkeka huu na wanawake mkeka ule. Kila asubuhi Thawin alipanda mivumo yake kabla jua halijachomoza, akateremsha mianzi aliyoitundika jioni, akaleta chungu cha maji matamu kwa ajili ya wote, na Shangazi Nuan akayachemsha kwenye sufuria kubwa. Lakini maji ya mvumo mmoja hakuyatia sufuriani. Yale ya mvumo wa bwawani, mti mrefu kuliko yote, aliyaweka peke yake kwenye mwanzi wake, akauficha kivulini chini ya majani ya migomba. Chini ya mti huo ndipo Lamduan alipomkubali. Alasiri aliyachuja kwenye glasi yenye ufa mdogo ukingoni, akaipanga kwenye sinia mahali ambapo mkono wa Lamduan ungeifikia kwanza.

Lamduan alijua. Macho alikuwa hayainui, hiyo ndiyo sheria, lakini alipoishika glasi ile kidole gumba chake kilipita juu ya ufa, polepole, kama mtu anayepapasa shavu. Kidole hicho kilimtosha Thawin kwa siku nzima.

Alasiri ile, siku moja kabla ya mafungo kufungwa, alisimama nyuma ya nguzo ya jiko na kutazama. Lamduan alikuja na mstari, akachukua glasi yenye ufa. Akaenda kuketi pembeni mwa mkeka wa wanawake, pale ambapo mkeka wa wanaume unaanzia. Phakin alikuwa ameketi upande wa pili, nafasi ya mikono miwili tu kati yao.

Lamduan akainua glasi, akanywa kidogo. Akasimamisha mkono. Akachukua leso, akajifuta mdomo. Kisha akaiweka glasi chini, taratibu, kwenye sakafu iliyokuwa wazi kati ya mikeka miwili.

Phakin akaitazama glasi. Akakutanisha viganja vyake kifuani, akainama kwa adabu, akaichukua. Akainywa yote.

Thawin alihisi kama kamba ya kupandia imekatika akiwa juu kileleni.

"Umeona?" alisema.

"Nini tena?" Shangazi Nuan alikuwa amempa mgongo, anasugua sufuria.

"Amempa. Amempa maji yangu."

"Nani?"

"Maji ya mvumo wa bwawani, Shangazi. Nimeyapandia mimi. Amempa mwanamume mwingine mbele ya macho yangu."

"Kwani watu wa mafungo wanatazamana? Kaa chini, nikupe uji."

Lakini Thawin alikuwa ameshavuka migomba.

*

Alimkuta Lamduan amesharudi kwenye njia yake ya mchanga, anatembea kuelekea bwawani. Jua lilikuwa limepoa. Thawin alisimama mwisho wa njia, mahali ambapo lazima ageuke. Alijua anachokifanya.

"Duan."

Unyayo wa Lamduan ulikuwa hewani. Ulibaki hewani.

"Duan, nijibu kitu kimoja tu, sitakuuliza kingine. Ni yeye?"

Unyayo ukashuka. Ukakanyaga. Mwanamke akawa amesimama mbele yake karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua, nguo nyeupe, uso hauna poda, nywele zimefungwa nyuma kwa uzi. Tangu aingie mafungo hakuwa ameinua macho yake kumtazama mtu. Sasa akayainua.

Thawin alikuwa ameyaota macho hayo. Alidhani yakimwangukia atajua kila kitu. Lakini yalikuwa na mambo mengi mno ndani yake: hasira, kicheko, huruma, na kitu kingine kilichoonekana kama kuomba. Lamduan akaweka vidole viwili kwenye midomo yake. Akatikisa kichwa. Kisha akageuka, akaanza kurudi alikotoka. Kuinua, kusogeza, kukanyaga.

"Basi umenijibu," Thawin aliuambia mgongo wake.

Mgongo uliendelea kwenda.

Ng'ambo ya kichaka, mtawa mzee aliyekuwa akifagia majani aliegemea ufagio wake. "Ndugu wa jikoni," alisema kwa upole, "nazi ziko upande ule."

*

Mama Chamoi alikuwa jikoni aliporudi. Alikuwa amekuja kuandaa mambo ya kesho, na juu ya meza alikuwa ameweka bakuli la fedha lililochorwa maua, urithi wa nyumba yao, analing'arisha kwa ndimu na majivu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyesimama wima hata akiwa ameketi.

Thawin alikutanisha viganja kumsalimu. "Hujambo, Mama."

"Sijambo. Nimesikia unakuna nazi. Kazi nzuri, iko chini chini. Huwezi kuanguka ukafa ukamwacha mtoto wa mtu mjane."

"Mama Chamoi," Shangazi Nuan alisema, "hapa ni hekaluni."

"Nimesema uongo? Baba yake alianguka. Babu yake alianguka. Mimi namwombea mema." Alilipulizia bakuli, akalifuta. "Thawin, sikuchukii. Una heshima, hunywi, hukopi. Lakini binti yangu amekushikilia mpaka ameacha kunisikiliza mimi. Hayo yataisha kesho."

"Yataisha vipi?"

"Wakishaachiliwa, watawa watapanga mstari uani, na kila familia itatoa wali. Nitampa Lamduan upawa. Nitamwita Phakin aushike pamoja naye." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Wanaotoa wali kwa upawa mmoja hukutana tena maisha yajayo wakiwa mume na mke. Hilo hata wewe mgema unalijua. Na kijiji kizima kikishaona, hata maisha haya yatakuwa yamekwisha kuamuliwa."

"Lamduan amekubali?"

"Lamduan hasemi na mtu. Lakini nimesikia leo amempa kinywaji chake. Huenda mtoto amekuwa mkubwa."

Lo. Kumbe hata mkeka una midomo. Thawin alitazama bakuli, akajiona ndani yake, uso umepindika, pua kubwa.

Mmoja wa wachambuaji mboga aliingia mbio, mkono mdomoni. "Shangazi, makubwa. Yule wa benki amelala katikati ya kikao. Amekoroma ukumbini mpaka Baba Mkuu mwenyewe akagonga kengele."

Wote wakacheka, hata Mama Chamoi midomo ilimchezacheza. Thawin peke yake hakucheka.

"Mwacheni alale," alisema. "Mtu aliyependwa hulala. Sisi wengine ndio tunaokesha."

Akachukua kamba yake ya kupandia na kuitupia begani.

"Kesho utakuja kunibebea sufuria ya wali," Shangazi Nuan alisema. "Mimi mgongo siwezi."

"Kesho sitakuja."

"Na mianzi yako je? Na chungu chako?"

"Nitavichukua asubuhi. Nikivichukua nitaondoka."

"Thawin." Shangazi Nuan alimfuata hadi mlangoni, akashusha sauti. "Mwanangu, mimi nimeishi na mume mwenye wivu. Alikuwa akinusa nguo zangu nikitoka sokoni. Amekufa sasa, na unajua ninachokikumbuka? Sikumbuki kama alinipenda. Nakumbuka alikuwa ananusa."

Thawin aliondoka bila kuaga.

*

Asubuhi hekalu lilijaa. Watoto walikuwa wamefungwa mikanda mipya, wanawake wamevaa sketi za hariri, na harufu ya wali wa moto na majani ya mgomba ilikuwa imetanda uani. Ndani ya ukumbi watu wa mafungo waliinama mara ya mwisho mbele ya sanamu ya Buddha, wakamwomba Baba Mkuu awaachilie nadhiri zao nane, wakaomba radhi kwa lolote walilokosea kwa neno, kwa tendo au kwa fikira. Thawin aliisikia sauti ya wote ikipanda kwa pamoja. Aliitafuta ya mtu mmoja ndani yake, akaipata, akajilaani kwa kuitafuta.

Alikuwa ameinamia mianzi yake nyuma ya jiko. Aliifunga kwa kamba, akatia chungu begani. Njia ya kutokea ilipita pembeni mwa ua. Alijiambia hatatazama.

Akatazama.

Watawa walikuwa wamesimama kwenye mstari mrefu, kanzu zao za rangi ya manjano, mabakuli yamefunguliwa, Baba Mkuu akiwa wa kwanza. Mbele yao alisimama Mama Chamoi amekumbatia bakuli la fedha lililojaa wali unaofuka. Lamduan alikuwa kando yake, bado na nguo nyeupe, upawa mkononi.

"Phakin, mwanangu," Mama Chamoi aliita, kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma. "Njoo ushike na mwenzako. Msiwasubirishe watawa."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mpunga. Phakin alijitokeza, amefurahi, amechanua, hana hatia. Akanyoosha mkono.

Lamduan akauinua upawa juu, mbali na mkono ule. Macho yake yalitembea juu ya vichwa vya watu, yakafika kwenye migomba, yakafika kwenye mtu mwenye chungu begani.

"Thawin."

Sauti ilikuwa imekwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Lakini ua mzima uliisikia.

"Duan, watu wanatazama," mama yake alisema.

"Ndiyo maana nimeita kwa sauti. Thawin, njoo hapa."

Alikwenda. Chungu kilimgonga mgongoni njia nzima na mianzi iligongana, hata watoto wakacheka. Alisimama mbele yake akiwa na mzigo wake wote, kama mtu aliyefukuzwa nyumba.

"Yalichacha," Lamduan alisema.

"Nini?"

"Maji yako. Ya mvumo wa bwawani. Ulisahau vibanzi."

Thawin aliupeleka mkono mfukoni mwa shati, lilelile la jana. Kile kitu kilichokuwa kikimchoma kifuani kilikuwa pale: vibanzi vya mti mchungu, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kila mgema hutia vibanzi kwenye mwanzi kabla hajautundika, la sivyo maji huchacha kabla ya jua kushuka. Alivitia kwenye mianzi yote. Mvumo wa bwawani aliupanda wa mwisho, juzi jioni, na akiwa juu kileleni aliwaona watu wa mafungo, wadogo kama mchele, wakiingia ukumbini. Akaona wawili wanakaribia ngazi kwa pamoja. Akatundika mwanzi mtupu, akateremka mbio.

"Nilikuwa nimeweka nadhiri ya kutogusa kileo," Lamduan alisema, "nawe ukanipa tembo kwenye glasi, hekaluni, mbele ya sanamu. Nikalitema kwenye leso. Kumwaga siwezi, kila mtu angejua yamechacha na yametoka kwako. Kusema siwezi. Nikaiweka glasi chini. Huyu ndugu akadhani nimemkaribisha."

Watu wote wakamgeukia Phakin. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Lile lilikuwa tembo?" alisema. "Na mimi nilidhani tafakuri imeniingia."

Kicheko kilipasuka uani. Watawa vijana waliangalia vidole vyao vya miguu. Baba Mkuu alikohoa kikohozi kirefu kuliko lazima. Na Shangazi Nuan, aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, alitikisa kichwa.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema. "Huyu wetu akishikwa na wivu, maji huyageuza tembo."

Thawin hakuwa na pa kuuficha uso. "Kwa hiyo jana njiani," alisema, "ulipogusa mdomo..."

"Nilikuwa nakwambia sikuweza kunywa."

"Nilidhani unaninyamazisha."

"Na hilo pia." Lamduan hakucheka. "Nilikuomba kitu kimoja, Thawin. Nilisema ukinifuata umejijibu mwenyewe."

"Nilikuja kukuna..." Alianza, akaacha. Alivuta pumzi. Neno lilikuwa zito kuliko chungu. "Hapana. Nilikufuata. Nazi zilikuwa kisingizio."

"Najua. Unadhani nilikuwa naangalia pumzi yangu? Nilikuwa nasikia mbuzi yako. Mafungo mazima. Ukikuna polepole natulia, ukikuna kwa hasira nakasirika. Baba Mkuu akituuliza kila siku akili zetu ziko wapi, yangu najua iko jikoni." Sasa macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikaa palepale. "Sikukaa hapa kuchagua mwanamume. Huyo nilishamchagua. Nilikaa kujua kama naweza kuishi na wivu wake. Na sijui bado."

Aliugeuza upawa, mpini ukamwelekea Thawin.

"Shika."

"Lamduan," Mama Chamoi alisema, "ukifanya hivyo mbele ya watu hawa..."

"Mama, nakuheshimu. Ningojee kidogo."

Mpini wa upawa ulikuwa pale. Thawin aliutaka kama mtu wa jangwani anavyotaka maji. Aliutaka mbele ya kijiji kizima, mbele ya Mama Chamoi, na zaidi ya yote mbele ya Phakin, amwone. Watu husema mkono unaokaa juu kwenye upawa ndio utakaotawala nyumba. Angeuweka wake juu kabisa. Tayari alikuwa anamtazama Phakin kwa jicho la pembeni, kuona kama anaumia. Na hapo akajinusa mwenyewe. Ni uchachu uleule, umevaa nguo za sikukuu tu.

Alishusha chungu chini. Akashusha mianzi.

"Toa mwenyewe, Duan," alisema. "Umekaa peke yako, umenyamaza peke yako. Thawabu ni yako. Sitaki niushike huo kwa sababu watu wanaona." Alifungua viganja vyake. "Mimi nitashika bakuli."

Lamduan alimtazama muda mrefu, jicho kwa jicho, bila sheria ya kuwakataza. Kitu fulani kwenye mabega yake kikashuka.

Lakini bakuli lilikuwa kifuani kwa Mama Chamoi. Thawin alimgeukia, akakutanisha viganja, kisha akainyoosha mikono yake, mikono myeusi, migumu, yenye makovu ya magamba ya mvumo. Mama Chamoi alilikumbatia zaidi. Wali ulikuwa wa moto, na fedha ilishaanza kuchoma; vidole vyake vilikuwa vinahama kutoka huku kwenda kule.

"Linakuunguza, Mama," Thawin alisema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya watu. "Nikupokee. Siendi nalo popote. Naishia kwenye mtawa wa mwisho."

"Na hapo uishie kweli," Mama Chamoi alisema, lakini bila makali. Alitazama vidole vyake vyekundu. Alimtazama binti yake. Kisha Baba Mkuu, ambaye alikuwa amesimama mbele yao wakati wote huo na bakuli lake tupu, mvumilivu kama jiwe la ngazi.

"Watawa hawajala tangu jana mchana, Mama Chamoi," Baba Mkuu alisema.

Mama Chamoi akaliachia bakuli.

Fedha ilimwunguza Thawin pia, ila hakuhamisha vidole. Lamduan alichota, akatia kwenye bakuli la Baba Mkuu. Wakasogea. Yeye mbele, Thawin nusu hatua nyuma, wanakwenda taratibu kama watu wa njia za mchanga. Nyuma yao wanawake walianza kubishana kwa minong'ono: je, hii inahesabika, na upawa ameushika mmoja?

"Bakuli ni moja," Shangazi Nuan aliwakata. "Inahesabika."

Walipofika katikati ya mstari Lamduan alisema, bila kugeuka, "Nitahitaji sukari nyingi mwezi ujao. Vitamu vya harusi havipikwi kwa chungu kimoja."

Thawin nusura aangushe wali. "Umesema hujui bado."

"Sijui. Nitajua nikiwa ndani. Tazama unakokwenda."

Walimaliza. Wali ulikuwa umebaki chini ya bakuli. Kule walikoanzia Phakin alikuwa bado amesimama peke yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, na hakuna aliyemkumbuka. Lamduan alimwona. Alimtazama Thawin tu, akangoja.

Thawin alivuta pumzi, akaiachia. Akaenda hadi kwa Phakin, akamsogezea bakuli la fedha.

"Kaka, wali bado upo. Chota nawe utoe, usiondoke hivihivi."

Phakin alikutanisha viganja, uso umemlegea kwa shukrani, akaunyooshea mkono upawa wa Lamduan.

Thawin akalirudisha bakuli nyuma kidogo.

"Lakini huo hapana," alisema. "Jikoni kuna pawa nyingi. Katafute wako."

Na kwa mara ya kwanza tangu aingie mafungo, Lamduan akacheka.